Kuni za Kaka Yangu

9 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Barua hii usiisome ukiwa umesimama. Vuta kigoda ukae kwanza, maana anayekuandikia si mtu wa kusomwa wima. Kiwanda hiki cha mbao, na misumeno yake yote na malori yake yote, hakianzi kazi mpaka mimi nitoke nje niangalie mawingu niseme, "Haya, leo jua lipo." Meneja mwenyewe, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, hunipungia mkono kwa mbali, hasogei karibu. Mjomba wako ndiye aliyefika hapo, na darasa la nne langu. Lakini darasa la nne la zamani, si hili lenu la siku hizi.

Mimi sijambo, mzima kama chuma cha reli, ila mafua kidogo ambayo nayo yanaona haya kunikaa. Huku bondeni joto bado halijaondoka, mbu wamenona, na paka wa kiwanda amezaa ndani ya kofia ya mhasibu, kwa hiyo mhasibu anatembea kichwa wazi na anamwogopa paka kuliko anavyomwogopa meneja. Mama yako mpe shikamoo yangu. Kila asubuhi naituma kwa upepo. Ikichelewa alaumu mlima.

Barua yako nimeipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Kwa hiyo madaktari wamemruhusu dada arudi nyumbani, na wamesema kifua chake hakitaki mambo mawili, baridi na moshi. Sasa hapo ndipo madaktari wanaponichekesha. Nyumba iko juu mlimani kwenye ukungu, kipupwe kikija maji ya ndoo yanang'ata vidole, na hakuna cha kuipasha joto isipokuwa lile jiko la chuma la kuni pale chumba cha mbele. Wao wanataka moto bila moshi. Mpwa wangu, kutoka hapa mpaka linapozama jua, mtu anayeweza kuwapa moto bila moshi ni mmoja, na ndiye unayemsoma.

Usiogope. Kuni za dada yangu nilizitenga tangu mwaka jana. Mkaratusi mtupu, magogo niliyoyachagua kwa mkono wangu kwenye mabaki ya kiwanda, nikayachanja mwenyewe. Jina langu hapa unalijua, ni Shoka Moja. Sirudii. Gogo likiniona naja linajigawa lenyewe kwa hiari, lipunguze maumivu. Zimepangwa nyuma ya ghala, na watu wa misumeno wakipita pale wanashusha sauti kama wanapita msibani.

Nimewahi kukausha kuni zikakauka hata mchwa wakaja kuniomba maji. Ukizitazama kwa hasira zinawaka. Na ushike neno hili, liandike ukutani kwa chaki yako ya ushonaji: watu husema palipo na moshi pana moto. Si kweli. Palipo na moshi mwingi hakuna moto, kuna maji yanayolalamika. Kuni mbichi haiungui, inachemka. Ile kavu ndiyo inaungua, na ikiungua vizuri haina cha kusema.

Lori litazileta kabla baridi haijashika. Dada asihame, asiende popote.

Na usinipigie simu. Nimeona umepiga. Maneno ya simu ni upepo, barua inakaa.

Mjomba wako,
Shoka Moja


2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nilikaa kabla ya kusoma, kama ulivyoagiza. Habari ya paka na kofia mama ameitaka tena na tena, na sasa anawasimulia majirani kama vile alikuwepo.

Sisi tupo. Cherehani yangu nimeihamishia kwa mama, karibu na dirisha la mbele, niwe nashona huku namsikiliza. Sare za shule ndizo zinazotusukuma. Mama analala ameegemea mito, karibu ameketi, kwa sababu akilala chali anasema ni kama mtu amemkalia kifuani. Asubuhi anajikongoja mpaka kwenye kiti chake mbele ya jiko, ananyosha mikono kwenye moto, na hapo ndipo anapokuwa mama. Anaanza kunikosoa pindo.

Jambo lenyewe ni hili. Siku tunatoka hospitali daktari alinivuta pembeni kwenye korido. Aliniambia kipupwe hiki kikimkuta mama kwenye nyumba ya baridi, au nyumba ya moshi, hataweza kurudi tena alipokuwa. Ushauri wake ni ashuke mjini alazwe mpaka joto lirudi. Nilipomweleza mama, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambie daktari hicho kitanda akilalie mwenyewe. Mimi nina nyumba, na nina kaka mwenye kuni."

Kwa hiyo, Mjomba, mimi nimebaki na kuni zako tu.

Sasa usikasirike. Je, zimekauka mpaka ndani? Fundi bati, yule aliyetutengenezea jiko na bomba lake la moshi, alipita kukaza viungo. Nikamwambia kuni ni mkaratusi. Akakuna kidevu. Akasema mkaratusi ni mnafiki, nje jangwa ndani kisima. Akasema nikuombe upasue kuni moja katikati, upande wa ndani uuweke shavuni. Ukihisi ubaridi, bado. Najua wewe unajua zaidi. Naandika tu alivyosema.

Na simu. Mama anataka sauti yako. Anasema, "Kaka yangu huyu aliyekuwa akigombana hata na redio, leo amekuwa bubu?" Basi njoo hata kwa siku chache. Lori la kiwanda chenu linapanda huku kila Jumamosi.

Mpwa wako


27 Aprili

Mpwa wangu, marahaba, tena marahaba ya kumwagika.

Kwanza habari za hapa. Kulikuja mgeni mkubwa kiwandani, mtu wa kufunguliwa mlango wa gari. Akapitishwa kote, misumeno, tanuri, ofisi, asiulize neno. Alipofika nyuma ya ghala akasimama. "Hizi ni za nani?" Watu wote wakanisonta mimi. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Mpaka leo hatujui alitikisa kwa sababu gani, lakini mtu mzito hatikisi kichwa bure. Watoto wa paka wameshafumbua macho. Mmoja ana uso wa mhasibu.

Sasa huyo fundi bati wako. Niweke kuni shavuni? Mimi? Mwambie shavu la Shoka Moja si kipimajoto. Yeye na mabati yake, mimi na kuni zangu, kila ndege na ubawa wake. Na kwa kuwa anataka kujua, msomee nilivyozitunza, asikie wanaume wanavyofanya. Nilipomaliza kuzichanja, zikiwa bado zinanukia, nilizipanga ukutani zikabanana hata sindano yako isingepita. Kisha nikazivisha nailoni nene, ile wanayofungia mbao za kusafiri mbali, kutoka kichwani mpaka unyayoni, nikaibana chini kwa matofali pande zote, nikafunga kamba. Mvua za mwaka jana zimepiga, za mwaka huu zimepiga, hakuna tone lililoingia. Upepo umezunguka umekata tamaa. Mjusi hajapata mlango. Mtoto mchanga hajawahi kufunikwa hivyo na mama yake. Na asubuhi nikiingiza mkono chini ya nailoni nakuta jasho limetanda. Ndiyo joto la kuni hilo, zinajipika zenyewe. Fundi bati amewahi kuona kuni zinazotoka jasho? Basi anyamaze.

Zikifika, fanya hivi. Usilishindilie jiko kama gunia la pamba. Chini weka vipande vinene, viachane kidogo. Juu yake vyembamba. Juu kabisa vijiti vya msonobari na maranda, halafu washa kule juu, si chini. Ndiyo, juu. Moto ushuke taratibu kama mzee anayeteremka ngazi. Ukiwasha chini, zile za juu zinapata moshi kabla ya kupata moto, zinaanza kukohoa. Kale kamlango ka hewa kaache wazi mpaka moto uwe na sauti ya bendera. Usikafunge mapema eti kuni zidumu. Hapo unaunyonga moto, na moto ukinyongwa unatoa ulimi mweusi. Halafu toka nje utazame juu ya bomba. Ukiona moshi, rudi ndani ukaombe radhi. Ukiona hewa inatetemeka tu, kama juu ya barabara ya lami mchana, basi umeupata moto wenyewe, na dada yangu anaweza kuketi mbele yake mpaka akinai. Nani alinifundisha haya? Hakuna. Nilizaliwa nayo, mkunga alistaajabu.

Kuja sasa hivi haiwezekani. Nikitoka mimi kiwanda kitasimama. Na simu yangu imeingia maji. Dada anajua mimi ni mtu wa kazi nyingi, mwambie tu, ataelewa.

Mjomba wako,
Shoka Moja


8 Juni

Mjomba, shikamoo.

Lori lilifika salama. Dereva, yule mnene anayeimba, alizishusha mwenyewe mpaka barazani. Mama alimuuliza, "Kaka yangu umemwacha vipi?" Akasema u mzima, ila alipokuuliza kwa nini hupandi naye, ulijiziba mdomo kwa leso ukampungia mkono aende. Mama akasema, "Ni yale mafua yake." Pole na mafua.

Tulimtoa nje na kiti chake, azitazame zikipangwa. Aliomba moja akailaza mapajani, akawa anaipapasa. "Hizi ni kuni za kaka yangu," alimwambia kila aliyepita, hata mtu wa kusoma mita ya maji, ambaye alisema hongera kisha akasimama pale asijue anampa hongera ya nini.

Baridi imeingia. Ukungu unashinda barazani, nguo zilizofuliwa hazikauki, vitambaa vya sare vinanata chini ya pasi.

Mama anasema nikuandikie kwamba zinawaka vizuri. Nimeandika.

Mimi nina maswali mawili. Ulizichanja mwezi gani hasa? Na hizo kuni zikiwaka, kawaida zinatoa sauti?

Tumefungua dirisha kidogo. Ni kwa ajili ya mvuke wa pasi.

Mpwa wako


20 Juni

Mpwa wangu, marahaba.

"Zinawaka vizuri." Mstari huo nimeukata kwa wembe nikaubandika kwenye mlango wa ghala, usomwe na kila mwenye macho. Mhasibu amesoma. Watu wa tanuri wamesoma. Mmoja akaandika chini yake kwa mkaa, "Shoka Moja Baba wa Moto", na nimeacha paonekane, si vizuri kufuta maneno ya watu.

Dada mpe shikamoo. Mwambie sasa ajue kwa nini sikuwa na haja ya shule.

Umeuliza kuhusu sauti. Mkaratusi una nyimbo zake. Ukipiga mluzi kidogo, ukatoa kapovu nchani, hiyo ni tabia yake tu, kama mzee anayekoroma. Kukoroma si ugonjwa. Mwezi wa kuchanja siukumbuki, mwenye kazi nyingi hakumbuki miezi. Lakini labda usizitie moja kwa moja kutoka barazani. Ziegemeze kwanza kando ya jiko, zikae siku mbili tatu. Si kwamba ni mbichi. Ni adabu tu, zisishtuke.

Na hilo dirisha lifunge. Baridi ndiyo adui.

Anakohoa? Hujaandika. Umeandika habari ya dereva, na pasi, na mtu wa mita, lakini hilo hujaandika.

Mjomba wako,
Shoka Moja


19 Julai

Mjomba, shikamoo.

Sina habari za nyumbani kwa sababu siko nyumbani. Naandikia magotini, kwenye benchi la korido, nje ya wodi ya wanawake. Mama yuko ndani. Anapumua kwa kusaidiwa. Neno lake la mwisho kabla hawajamvalisha barakoa ya hewa lilikuwa, "Usimwandikie kaka yangu." Kwa hiyo barua hii ni yangu, si yake.

Kuni zilikuwa mbichi.

Nilijua tangu ile ya kwanza. Niliiweka juu ya makaa mazuri, ikakaa pale kama mtu aliyenuna, kisha ikaanza kuchirizika. Maji yalitoka nchani yakatokota juu ya chuma. Moto ukafubaa. Nikamwambia, "Mama, hizi bado. Niache ninunue kwa fundi bati, anazo za mwaka juzi."

"Ninunue kuni, na za kaka yangu ziko barazani? Watu watasemaje?"

"Watasema una mapafu, mama."

"Mapafu ni yangu. Weka nyingine."

Nikaweka. Kila asubuhi niliweka. Nilifuata yote uliyoandika: nene chini, nyembamba juu, moto ushuke, kamlango wazi. Niliziegemeza kando ya jiko siku tatu, nne, zikakauka ngozi tu. Nilikuwa natoka nje kutazama bomba. Moshi ulikuwa mzito, wa kijivu, haupandi, unateremka kwenye paa na kukaa uani. Niliuona, Mjomba. Nikarudi ndani nikaketi kwenye cherehani, kwa sababu alikuwa amenyosha mikono na anatabasamu. Hilo siwezi kukutupia wewe. Ni langu.

Wiki iliyopita, asubuhi, jiko lilitapika. Moshi wote uligeuka ukarudi chumbani, mweusi, sikuiona hata taa ya cherehani. Nilimbeba na kiti chake mpaka barazani. Na barazani ukungu, baridi ya kukata masikio, naye na gauni la kulalia. Nyuma yake moshi, mbele yake baridi, vile vile viwili alivyokatazwa, na mimi nimesimama kizingitini nimemshika, sijui nimpeleke upande gani.

Fundi bati alilishusha bomba. Ndani palibaki tundu la kupita kidole gumba. Kwingine kote palikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kigumu kama lami, kimegandiana tabaka juu ya tabaka. Alisema huo ndio moshi wa kuni mbichi ukipoa. Ungeshika moto ungeondoka na nyumba. Akapasua kuni yako moja akanipa. Niliiweka shavuni. Ilikuwa baridi kama samaki.

Akaniuliza ulizifunika vipi. Nilimsomea ile barua yako, nailoni kutoka kichwani mpaka unyayoni. Nilidhani atacheka, mtu mwenyewe ana mdomo. Hakucheka. Alisema, "Mjomba wako hakuzikausha. Alizitunza."

Akanieleza kwamba kuni hufunikwa kichwa tu, mbavu zikaachwa wazi, kwa sababu anayekausha ni upepo, jua ni msaidizi wake. Lile jasho ulilokuwa unaligusa asubuhi lilikuwa maji yanatafuta mlango wa kutokea.

Wananiita ndani. Njoo, Mjomba.

Mpwa wako


30 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Hukujibu. Huenda barua yangu ya Julai ilipotea njiani. Nitaandika kana kwamba ilipotea.

Mama amerudi nyumbani. Amekuja na mtungi wa hewa, chuma kirefu kinachosimama kando ya kitanda, na mrija unaoingia puani. Mzunguko wake sasa ni urefu wa ule mrija: kitanda, kiti, dirisha. Muuguzi alikuja kukagua nyumba. Alipoliona jiko akasimama mlangoni, hakuingia. Alisema mtungi na moto havikai nyumba moja, hata mshumaa, hata kiberiti. Kwa hiyo fundi bati alikuja na mkokoteni akalichukua. Alilibeba kama anabeba mtu. Tundu la bomba kwenye dari amelipiga bati, na pale lilipokuwa jiko pamebaki mraba sakafuni, msafi kuliko sakafu yote.

Mama anataka kiti chake kigeuzwe palepale. Nakigeuza. Ananyosha mikono. Simwambii kitu, namwongezea blanketi. Napika kwa jirani, chakula kinafika kimepoa. Ndani tunavaa makoti, vidole vyangu vimekakamaa, wenye sare wanalalamika kwamba mishono inapinda.

Muuguzi amekataza maneno marefu, na zaidi ya yote amekataza kicheko cha ghafla. Juzi nilishona shati lenye mikono yote miwili ya kushoto. Mama alipoliona alicheka kabla sijawahi kumzuia, pumzi ikakatika, midomo ikabadilika rangi, ikabidi nikimbilie koki ya mtungi. Sasa nachunga hata ninavyoshona.

Anaamini umemkasirikia. Anasema, "Ni kwa sababu sikuzimaliza kuni zake." Nimemwambia sivyo. Anasema, "Wewe humjui kaka yangu. Akikupa kitu anataka akione kimekwisha." Zilizobaki ziko barazani, amekataa zitolewe.

Sitaki kuni, Mjomba. Sitaki maelekezo. Nataka uje uketi kwenye kiti kando ya chake. Daktari nilimuuliza kuhusu kipupwe kijacho, akatazama karatasi zake akaniuliza kama nimekula.

Mpwa wako


14 Septemba

Mpwa wangu, marahaba.

Hakuna barua iliyopotea.

Mimi ni mzima. Kiwanda kipo. Paka amehama na wanawe.

Nailoni nimeichana. Nilianza kwa kisu nikamalizia kwa mikono. Kuni zilizobaki huku nimezitoa ukutani nikazipanga upya katikati ya uwanja, juu ya vipande vya reli zisiguse ardhi, zimeachana, kichwani bati, mbavu wazi. Nilipasua moja nikaiweka shavuni. Sitaandika ilikuwaje. Sijui sasa ni kuni za nani, lakini zitakauka. Jioni nagonganisha mbili nizisikilize. Kuni kavu hulia kama ubao. Hizi bado zinajibu kama mtu mwenye chakula mdomoni. Ule mstari mlangoni nimeubandua.

Mwambie dada sijamkasirikia. Hilo mwambie kwanza, kabla hujasoma mengine, na umwambie akiwa anakutazama. Mwambie alizitumia nyingi kuliko zilivyostahili. Mwambie hizo za barazani nakuja kuzitoa mwenyewe, asimlaumu mtu.

Niliandika kwamba nikitoka kiwanda kitasimama. Hakitasimama. Barua yako ya Julai iliponifikia, nilivaa koti nikaenda mpaka kwenye lori. Dereva akanifungulia mlango. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nimesahau kitu, nikarudi ndani. Sikuwa nimesahau kitu. Na Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo. Dereva sasa hafungui mlango, ananitazama tu kwenye kioo mpaka nigeuke.

Nitakuambia sababu, na ukifika hapa usimsomee fundi bati.

Mwaka jana, nilipokuwa nachanja zile kuni za dada, gogo la mwisho lilikuwa na fundo. Nililipiga shoka moja, halikupasuka. Nikapiga la pili. Nilipiga mengi, mpwa wangu, watu wa misumeno walikuwa wananitazama, nikaona haya kuliacha. Ndipo kipande kikaruka kikanipiga mdomoni. Meno yangu ya mbele, ya juu, yakabaki kwenye maranda. Niliyatafuta nikapata mawili. Tangu hapo nikisema neno linatoka na mluzi, na nikicheka panaonekana mpaka kooni. Ndiyo maana sipokei simu. Humu kiwandani naongea kwa leso na kwa mkono, watu wakadhani nimekuwa mtu mkubwa, nikawaacha wadhani. Lakini dada yangu siku zote alisema katika watoto wote wa mama yetu mimi ndiye niliyepewa mdomo. Sikutaka auone ulivyo.

Nitapanda Jumamosi, baada ya barua hii kufika. Sileti kitu. Ila nisaidie jambo moja, maana umeniandikia habari ya kicheko. Nikitokea mlangoni hivi hivi, atacheka, namjua, hataweza kujizuia. Kwa hiyo mwambie wewe mapema. Chagua saa ambayo kifua kimetulia, mwegemeze kwenye mito, mkono wako uwe kwenye koki, umwambie taratibu, aanze kuzoea.

Meno ni manne. Usimwambie yote siku moja.

Mjomba wako